Siku Vichwa Vyote Viwili Vikiwaka

Kwanza tuelewane: sikubadilisha blauzi mara tatu kwa ajili yake. Ya kwanza ilikuwa na doa la yale mafuta ya kijivu ya kupozea prosesa ya kompyuta. Ya pili ilinibana kwapani. Ya tatu ikatokea kuwa ile ya bluu ambayo yeye aliwahi kusema inanipendeza. Imetokea tu. Mwenye kucheka na acheke.

Ujumbe wake ulikuwa umeingia Jumatano, maneno saba baada ya miezi minane ya kimya. "Nitapita Jumamosi alasiri. Nina kitu chako, Mashoto." Mashoto ni jina alilonipa yeye, kwa sababu mimi kila kitu ni mkono wa kushoto, kuanzia kuandika mpaka kukaza skrubu. Na mimi nilimwita Bisibisi, maana hakuwahi kutoka nyumbani bila bisibisi kwenye mfuko wa shati. Ni fundi wa mashine za hospitali. Hata kwenye harusi ya rafiki yake alikwenda nayo, ikichungulia kwenye koti kama kalamu ya karani.

Basi Jumamosi saa tisa nikawa nimekaa chumba cha nyuma, kile ninachofanyia kazi, nimejitia hamnazo huku masikio yote yako mlangoni. Chumba hicho kimepakana na cha baba. Ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba baba akipiga chafya kule, mimi huku namjibu. Meza yangu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makabati mawili, na tundu la kitasa bado lipo. Ndimo ninamopitishia nyaya. Juu ya meza hiyo, chini ya shuka jeupe, ilikuwepo mashine yetu.

Nimesema yetu. Ulimi bado haujazoea.

Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mchoraji ramani ananiletea mistari, mimi namtolea sebule yenye jua la asubuhi, ngazi, na kochi ambalo hakuna mtu aliyewahi kulikalia. Kompyuta yangu ya awali ilichukua siku nzima kukamilisha picha moja, na mteja akisema pazia liwe jeupe kidogo tu, naanza upya. Ndipo Bisibisi aliponiambia kwamba kuna bodi kubwa ya kompyuta imetolewa kwenye ofisi iliyofungwa, bodi yenye soketi mbili, yaani inabeba prosesa mbili zinazogawana kazi. Tuijenge wenyewe, alisema, hapa hapa nyumbani. Prosesa tukaziita vichwa. Kichwa cha kwanza kilikuja na bodi. Cha pili tulikitafuta zaidi ya mwaka, kwa kuwa lazima kiwe pacha wa cha kwanza kabisa, la sivyo havisikilizani.

Zaidi ya mwaka. Mnajua mnaweza kupendana kiasi gani kwa muda huo, kila jioni mmekaa sakafuni na kifuniko cha kopo kimejaa skrubu katikati yenu? Alikuwa ananishikia taa. Nikiinua macho, namkuta haangalii bodi, ananiangalia mimi, na taa imehamia ukutani. Namwambia, Bisibisi, taa. Anasema, samahani, nilidhani kazi iko huku.

Shangazi yangu hakupendezwa. Kila akija alihesabu jioni za yule kijana kwenye nyumba yetu na kuuliza ni mashine gani hiyo isiyokwisha, na kwa nini mtu mwenye nia njema hajaenda kujieleza kwa baba. Baba yeye hakuwa na maneno mengi. Amekuwa fundi saa miaka arobaini, amezoea kusikiliza. Siku moja tu aliniambia, nilipomlazimisha, kwamba amemtazama mwenzangu anavyofunga skrubu. "Analazimisha," alisema. "Kitu hakijakubali, yeye anasukuma." Nilinuna siku mbili. Skrubu, jamani. Mtu anakataliwa kwa skrubu.

Lakini sisi tulikuwa na kiapo chetu. Jioni moja Bisibisi alikuwa chini ya meza anaunganisha nyaya, miguu tu ndiyo inaonekana, akasema kutoka huko huko, "Siku vichwa vyote viwili vikiwaka, Mashoto, siku hiyo hiyo tunatoka hapa tunagonga mlango wa baba yako, tunamwambia." Nikamuuliza tunamwambia nini. Akasema unajua. Nilijua. Usiku huo nilianza kuchora nyumba yetu wenyewe, vyumba vitatu na karakana, picha nzito mno ambayo kichwa kimoja kisingeiweza. Niliihifadhi ingojee cha pili.

Kichwa cha pili kilifika. Jioni ile nilivaa hii hii blauzi ya bluu. Kabla hatujakiweka, baba akaniita chumbani kwake. Nilikwenda nikamkuta amesimama mbele ya kabati, ananiuliza shati lake jeupe liko wapi. Nikamtafutia, nikampa, nikarudi mbio. Nilipoingia, Bisibisi alikuwa amekwisha kuipachika prosesa kwenye soketi yake. Alikuwa amesimama mbali kidogo na meza. Akaniambia, njoo, funga wewe, heshima ni yako.

Nikafunga. Nilikandamiza kifuniko cha chuma kinachoibana prosesa kwa mkono wangu wa kushoto mpaka kikaingia. Tukawasha. Haikuwaka.

Tulipofungua na kumulika taa, tukaziona. Ndani ya soketi kuna pini nyembamba kuliko unywele, elfu mbili na ushei, na pembeni mbili zilikuwa zimepinda. Nililia kama mtu aliyefiwa. Niliona wazi kwamba ni mimi, nimekandamiza vibaya, nimeua kazi ya mwaka kwa kiganja kimoja. Bisibisi aliniwekea mkono begani akasema, usijilaumu, Mashoto, ni bahati mbaya.

Baada ya hapo alianza kuja mara moja kwa wiki. Kisha hospitali ikampeleka tawi la mbali. Kisha simu zikawa fupi, kisha zikawa hazipo. Sikumlaumu hata kidogo. Nilijilaumu mimi. Mteja akinikabidhi kitu cha thamani, nilikipokea kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nakaa mezani jioni, kiti chake kitupu upande ule, na nikajikuta siku moja namwambia "taa" mtu ambaye hayupo.

Alhamisi ya wiki hiyo, baba akasema, "Kile kitu kilichokushinda, niletee nikione."

Nilikuwa nimemficha miezi yote kwa aibu. Nikampelekea. Akavaa lenzi yake ya jichoni, akachukua kibano cha saa, akainama pale dirishani asubuhi mbili mfululizo, saa zake tatu zikigonga kila moja kwa wakati wake. Alizinyoosha pini zote mbili. Halafu hakunirudishia. Aliomba kiberiti.

"Ukikandamiza kutoka juu, pini zinalala chini," alisema. "Hizi hazikulala. Ziliburutwa." Akalichukua lile boksi la kiberiti kwa mkono wa kulia, akaliteremsha, likatua upande, akalivuta polepole kuliweka sawa. "Zilielekea huku. Mtu wa mkono wa kulia anavuta huku." Akalihamishia boksi mkono wa kushoto, mkono wangu, akafanya vile vile. "Wewe ungevuta kule. Na ziliburutwa kabla hujafunga."

Hakutaja mtu. Alivua lenzi akaanza kuifuta.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo, wakati mnaniona nimekaa na blauzi yangu, prosesa ya pili ilikuwa imekwisha kurudi mahali pake, feni yake imefungwa, na shuka limefunika yote. Swichi sikuibonyeza. Kiapo kilikuwa cha watu wawili. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza, na nilijua kwamba jibu lake ndilo litakaloamua kama nitakuwa na mtu katika maisha haya au nitaendelea kuwachorea wengine makochi.

Aligonga mara tatu, kama zamani. Nilimsikia baba akimfungulia, nikasikia shikamoo, nikasikia marahaba, karibu, yuko ndani. Kisha baba akaingia chumbani kwake na kufunga mlango, jambo ambalo hafanyi mchana hata siku moja.

Bisibisi alikuwa amekonda. Shati limemlegea shingoni, na bisibisi yake ipo mfukoni. Moyo wangu, usio na adabu, ulinienda mbio kama siku ya kwanza. Alikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, akaweka boksi kubwa magotini, na tukaangaliana mpaka nikainamisha macho mimi.

Aliongea sana kwa mtu asiyependa kuongea. Kwamba amerudishwa hospitali ya hapa mjini. Kwamba hakupita siku bila kunifikiria. Akafungua boksi. Ndani ya mfuko wa rangi ya fedha ilikuwepo bodi mpya, soketi mbili, safi, haijaguswa.

"Miezi yote nilikuwa naitafuta hii," alisema. "Tuhamishie vichwa humu, Mashoto. Viwake. Twende tukagonge ule mlango."

Nisidanganye, nililainika. Maneno hayo nilikuwa nimeyatunga mwenyewe kichwani mara elfu, na yeye aliyasema vizuri kuliko nilivyoyatunga. Ningeweza kunyamaza. Ningepata mume, mashine, na nyumba ya vyumba vitatu, vyote alasiri moja.

"Siku ile baba aliponiita," nikasema, "ulifanya nini nilipotoka?"

Mkono wake ulikwenda mfukoni ukaishika ile bisibisi.

"Kwa nini unauliza leo?"

"Nijibu tu."

 Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania kamba ya kuruka.

"Ilinitoka kidogo," alisema mwishowe. "Ikatua upande. Nikaivuta niiweke sawa, nikasikia inakwaruza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Halafu ukaniita nije nifunge mimi."

"Nilidhani labda hazikuumia. Nilisema nikikuta imewaka, basi imepita. Halafu wewe ukaanza kulia unasema ni mkono wako. Nikataka kukuambia. Kila siku nilitaka kukuambia, na kila siku ilikuwa nzito kuliko jana."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nami, msiniulize kwa nini, nilimwonea huruma. Nilimwambia kweli tupu. "Pini mbili, Bisibisi. Ningekasirika siku mbili. Ya tatu ningekuchekea." Nikanyoosha mkono nikamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa cha moto. Nilikuwa nimeanza kumsamehe. Nilihisi kabisa kitu kinalegea kifuani.

Labda ni huo mkono uliomtia moyo.

"Basi nikuambie yote," alisema, "nisibaki na kitu. Ilipokataa kuwaka, nilishukuru."

"Ulishukuru."

"Ingewaka, ilikuwa lazima tugonge mlango wa mzee jioni ile ile. Nilijua ananionaje. Nilijua atanikatalia mbele yako. Nikaona giza kwenye skrini, nikashusha pumzi." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Lakini nimebadilika. Sasa niko tayari, akatae asikatae."

Niliutoa mkono wangu. Sikuuvuta kwa hasira. Niliutoa tu, nikauweka magotini, nikauangalia. Kwa zaidi ya miezi minane nilikuwa nauangalia mkono huu kama wa mwizi. Yeye alikuwa anashusha pumzi mimi nikiwa nimemlalia begani nikiomba msamaha.

"Sema kitu," alisema.

"Nafikiria siku nyingine," nikamwambia. "Tuko kwetu, tuna watoto, kitu kimekutoka mkononi na kimeharibika. Utaniita nije nifunge mimi."

"Sitafanya hivyo tena."

"Ulifanya, ukanibembeleza."

Hakujaribu kujitetea, na kwa hilo namheshimu. Nilirudisha ile bodi kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, mfuko kwenye boksi, nikafunga vizuri kama kifurushi cha kutuma. Nikamwambia aende nayo, yangu imenyooshwa. Akauliza nani kainyoosha. Nikasema baba. Aligeuka akautazama ule ukuta.

"Kwa hiyo mzee anajua."

"Alijua kabla yangu."

Mlangoni alisimama, boksi kwapani, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike, namaanisha kuniangalia kama zamani, taa inapohamia ukutani.

"Umevaa ile ya bluu," alisema.

"Zingine zilikuwa chafu."

Nilizisikia hatua zake mpaka kwenye lango. Zilisimama pale. Nilijikaza, nikaushika mlango kwa nguvu, maana nilijua nikiuachia nitamwita. Kisha lango likalia, na watoto wakarudi kuruka kamba.

Nilirudi chumba cha nyuma nikaondoa shuka. Nikabonyeza swichi kwa mkono wa kushoto.

Mashine kubwa haziamki haraka. Feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi muda mrefu kiasi cha mtu kujuta, kisha mistari ikaanza kupanda. Prosesa mbili. Viini vyake vya kukokotoa arobaini na nane, vyote vizima. Niligeuka na mdomo umeshafunguka kusema, "Umeona?" Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma vile alivyokiacha aliposimama.

Niliifungua ile picha ya nyumba yetu nikaiamuru itoke. Feni zikapandisha sauti. Kipande cha kwanza kikatokea juu ya skrini, ukingo wa dari na jua kidogo, kisha cha pili. Ingekuwa tayari kabla ya saa moja ya jioni. Sikukaa kuitazama.

Nilikwenda nikagonga mlango wa baba. Sijawahi kuugonga maishani. Huwa naingia tu. Akasema pita. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, saa zake tatu mezani, hana kazi yoyote mkononi.

"Vimewaka," alisema.

"Vyote viwili."

"Nasikia."

Nilibaki nimesimama katikati ya chumba kama mgeni. Sikujua mtu anasemaje jambo la watu wawili akiwa peke yake. "Baba, tuliahidiana kwamba vikiwaka tuje kwako."

"Najua," alisema. "Ukuta huu hauna siri. Niliwasikia siku mnaapa."

Nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka, kama angesema hapana. Baba alichukua saa moja akaitega sikioni, kisha akairudisha.

"Mkono unaolazimisha unafundishika," alisema. "Ningemfundisha mwenyewe, hapa mezani. Wewe ulikuwa unacheka kule ndani kila jioni. Tangu mama yako aondoke, nyumba hii haikuwa na kicheko. Ningemkatalia nini?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. 

"Siku ile nilikuita," baba akaendelea. "Nikakuuliza shati jeupe liko wapi."

"Nakumbuka."

"Hukujiuliza nakwenda wapi jioni ile na shati jeupe?"

Sikujiuliza. Nilimpa shati nikarudi mbio kwenye mashine yangu.

"Nililivaa nikakaa hapa," alisema. "Nikawangoja mgonge."